Mjini Mipango, Lakini Mipango ya Nani?

Kijana akitangaza nyumbani kwamba wiki ijayo anakwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, hapewi maelekezo. Anapewa vitisho. Usiongee na mtu. Ukiitwa usigeuke. Usitazame juu kwenye maghorofa, watajua wewe mgeni. Pesa weka kwenye soksi. Ukiulizwa unatoka wapi, sema unakaa Magomeni siku nyingi. Mama anatisha, mjomba anatisha, hata jirani ambaye safari zake zote ziliishia Chalinze naye anatisha, tena kuliko wote. Mwisho mzee mmoja anafunga kikao kwa kauli ile ile: "Mwanangu, mjini mipango."

Haya, mjini mipango. Lakini mipango ipi, jamani? Katika yote aliyoambiwa hamna hata neno moja la kumjulisha atashukia wapi, saa ngapi, apande gari gani, na afanye nini mwenyeji asipotokea. Kaaga akiwa na hofu gunia zima, na taarifa hana hata kisonzo.

Mimi nasema hivi, na anayebisha achukue kalamu tubishane: hofu si mpango. Na hofu hii ya mji ina wenyewe wanaoila. Mgeni haimsaidii kitu. Inamsaidia yule anayesimama kati ya mgeni na mji, akijifanya yeye ndiye mlango.

Hebu tuangalie. Kijana aliyeambiwa asiulize mtu atafanyaje akishuka stendi? Hataulizia. Atasimama. Na anayesimama stendi bila kujua pa kwenda hufuatwa na wapigadebe wanne kwa mpigo, kila mmoja kashika kona yake ya begi. Yule aliyefundishwa kusema "nakaa Magomeni" ataulizwa Magomeni ipi: Mapipa, Usalama au Mikumi? Hapo ndipo anapojulikana. Lau angekwenda kwa mama muuza chai, akaamkia, akaagiza kikombe, kisha akasema, "Mama, mimi mgeni, gari za Buguruni zinapaki wapi?" angeonyeshwa kwa kidole, na chai angekunywa. Mgeni anayejitambua ni mgumu kuibiwa kuliko mgeni anayejifanya mwenyeji.

Sasa mfikirie binti. Yeye anatishwa mara mbili. Anatoka Singida au Iringa, kaja kuchukuliwa na mtu anayeitwa "shangazi" ingawa hana undugu naye, anakwenda kufanya kazi za ndani. Kaambiwa mji ni mbaya, asitoke getini, asiongee na majirani. Miezi sita baadaye hajui jina la mtaa anaokaa, wala kituo cha daladala kilicho karibu, wala nauli ya kurudi kwao. Mshahara ukicheleweshwa atakwenda wapi? Atamwambia nani? Kwake yeye vile vitisho vimekuwa ukuta, tena ukuta usiohitaji saruji. Anayemtisha mtu na mji mara nyingi hataki mtu huyo aujue mji. Hilo tuliseme wazi wazi.

Wengine watasema nazidisha, hizi ni nasaha za wazazi tu. Sikatai, wazazi wanatupenda. Lakini tujiulize hofu hii waliipata wapi. Haikuota kama uyoga.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani wakahamishia serikali yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wajerumani, na Waingereza baada yao, wakaugawa mji kwa rangi: Uzunguni kwa Mzungu, Uhindini kwa Mhindi, na Mwafrika Kariakoo. Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwafrika alitakiwa mjini kama mikono tu. Asiyekuwa na kazi aliitwa mhuni, akakamatwa, akarudishwa kwao. Mjini palikuwa kwa wenyewe, na wenyewe hatukuwa sisi.

Tukapata Uhuru. Mtu angedhani mambo hayo yaliondoka na bendera yao. Wapi! Mwaka 1983 ikaja Nguvukazi. Watu walisimamishwa barabarani Dar es Salaam, waonyeshe kitambulisho cha kazi. Asiyenacho akapandishwa gari kurudishwa kijijini, kwa kuwa kijijini ndiko alikohesabiwa kuwa na manufaa. Mzee anayekwambia leo "mji si mahali pako" pengine anakumbuka gari lile. Namheshimu kwa hilo. Lakini mgeni wa leo asifungiwe safari yake kwa kumbukumbu ya gari lile.

Lugha nayo imebeba mzigo huo mpaka leo. Mtu akitapeliwa tunasema "kaingizwa mjini". Sikilizeni hayo maneno! Kuingia mjini na kuibiwa vimekuwa kitu kimoja. Mjanja ni "mtoto wa mjini", mjinga ni "mshamba", na jiji lenyewe tukaliita Bongo, kwa maana ya kwamba bila ubongo huliwezi. Kana kwamba mtu wa Nachingwea au Kibondo anazaliwa na kichwa kitupu, ubongo anaugawiwa stendi!

Na kama kweli mji unakula watu, mbona unazidi kunenepa? Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wasiofika laki tatu Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hawa wote hawakuzaliwa Gerezani na Ilala. Walikuja, au wazazi wao walikuja, na vifurushi vyao, kwa mara ya kwanza, bila kujua mtaa. Hao ndio mji. Unayemwogopa pale stendi ni mgeni wa juzi kama wewe, kakutangulia basi moja tu.

Sasa nageukia kwetu sisi wa kalamu, maana humu ndimo tunamosomana, na hapa sitaki kupepesa macho. Nani anamwandikia mgeni huyu? Nenda duka la vitabu ukatafute kitabu cha kukuongoza mjini. Utakikuta, kina picha za mawimbi na meza za hoteli, kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtu anayetua uwanja wa ndege na kuchukuliwa na teksi. Mtalii anajua mapema chumba chake kinatazama upande gani. Sisi wenye nchi tunakwenda kwa kubahatisha, na Kiswahili kinasemwa kila kona ya mji huo.

Na waandishi wetu je? Ben Mtobwa alitoa riwaya ya Dar es Salaam Usiku mwaka 1990, watu wakaisoma. Yeye alifanya yake. Sisi tuliofuata tumebaki usiku ule ule. Chukua hadithi kumi za vijana wenzetu, zisome. Kijana anatoka kijijini, anafika mjini, ukurasa wa pili kaibiwa, wa tatu kampata Salome wa baa, wa tano kaugua, wa sita kafa au karudi kwa baba kuomba radhi. Inatosha! Mji gani huo usiokuwa na asubuhi? Hauna wauza magazeti, hauna fundi cherehani, hauna mwanafunzi anayebishana na konda juu ya nauli? Tumeandika vitisho vile vile vya mjomba, tofauti tukaweka koma na nukta.

Najua jibu litakalokuja: wezi wapo. Wapo, bwana. Sijasema Kariakoo ni msikiti. Lakini "wezi wapo" ni taarifa isiyokuwa na mpini, huwezi kuishika. Kumwambia mtu asitoe simu dirishani foleni inaposimama, kuna maana. Kumwambia asilipe pesa ya chumba kabla ya kukiona chumba, hata dalali awe na ulimi wa asali, kuna maana. Kumwambia "mji mbaya" ni sawa na kumwambia mvuvi "bahari ina maji".

Basi mipango yenyewe ni ipi? Nitaje michache, wengine waongeze.

Kwanza, jua unapoishia. Siku ya kukata tiketi muulize wakala basi linashushia wapi. Kuna watu mpaka leo wanaambiwa "shuka Ubungo, nitakupokea", wakati tangu mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Mbezi Luis, inaitwa Kituo cha Magufuli, na kutoka pale hadi Posta ni kama kilomita 20. Treni ya umeme nayo ilianza kubeba abiria wa Morogoro mwezi Juni 2024, na wa Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Hiyo inakushusha katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani. Watu wawili wametoka Dodoma siku moja, mmoja basi, mwingine treni, wanashukia kama miji miwili tofauti. Mwenyeji wako anajua utashukia upi?

Pili, saa. Tiketi inasema 06:00, mdomo unasema saa 12. Wengi wameachwa na basi kwa kosa hilo, au wamekesha stendi bure. Ukiambiwa saa, rudia kwa namna zote mbili: "Saa 12 asubuhi, yaani sita ya kizungu?" Na kama unaweza, panga kufika mchana. Usiku mji si mbaya kuliko mchana, ila vibao havisomeki na wa kumuuliza ni wachache.

Tatu, jifunze majina ya vituo, namba za nyumba hazitakufikisha. Dar es Salaam mtu anakaa "Manzese Tip Top", "Mwembechai", "Kinondoni Makaburini". Muulize mwenyeji jina la kituo chako, na jina la kituo kinachotangulia, ili ukilisikia la kwanza uanze kusogea mlangoni. Daladala imeandikwa mbele inakotoka na inakokwenda. Soma, usingoje kuvutwa mkono. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yana vituo vyenye majina yaliyoandikwa. Anayejua kusoma hapotei mbali.

Nne, nauli ya kurudi iwe kando, na isiguswe hata kwa soda. Mwenye nauli ya kurudi anaweza kusema "hapana" kwa mtu yeyote, awe mjomba, dalali au mwajiri. Asiyenayo anakubali kila kitu. Kama kuna dada anasoma hapa na anasafiri kesho, asahau mengine yote niliyoandika, hili alikate alibandike. Aandike pia namba za simu tatu kwenye karatasi, maana simu huzimika na karatasi haizimiki.

Tano, panga jambo moja la kwako mwenyewe, lisilo la kutumwa. Wengi wetu tunakwenda mjini kwa shida: usaili, hospitali, msiba, mzigo wa duka. Tukimaliza tunarudi, na mji hatukuuona. Kumbe katikati pale unaweza kutembea kwa miguu. Pale Samora kuna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake yamo kwa Kiswahili pia. Isome, ujue wapagazi wale wa Kariakoo walikumbukwaje na bwana wao. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Wewe unayejiita mwandishi, usipite Dar es Salaam bila kukanyaga mtaa wenye jina la mwandishi wa lugha yako! Maktaba Kuu iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kisha shuka Kivukoni, panda pantoni uvuke Kigamboni, na ukiwa majini geuka uutazame mji. Tazama maghorofa mpaka shingo iume. Nani kasema ni haramu?

Haya si mambo makubwa. Hayahitaji mfadhili wala semina. Yanahitaji mtu anayeujua mji amwandikie asiyeujua, kwa lugha wanayoielewa wote wawili, bila kumtisha na bila kujionyesha.

Kwa hiyo natoa rai, na wahariri wanisaidie. Kila mwandishi wa jarida hili alete ukurasa mmoja: kutoka stendi ya mji wake hadi mahali anapopapenda. Wa Mwanza atuambie, wa Tanga atuambie, wa Mbeya, wa Kigoma, na ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi nao wasibaki nyuma. Ataje gari, nauli ya siku aliyoandika, kituo cha kushuka, choo kilipo, chai nzuri ilipo, na nani wa kumwamkia. Ataje na hatari zake, kwa mtaa na kwa saa, siyo kwa jumla jumla. Zikichapwa hapa, msichana wa Manyoni atakata kurasa hizo, atazikunja, atazitia kwenye mkoba. Hapo ndipo ataambiwa mjini mipango, na mipango ikawa yake.