Bustani ya Chupa Sawa, Msitu Tuuache

Wadau, naona bustani za chupa zimeingia mjini kwa kasi. Ukimtembelea rafiki aliyepanga chumba na sebule Sinza, unakuta mezani bakuli la kioo, ndani kuna kokoto, udongo, makangaga na vijimea vingine vya kijani. Sina ugomvi nazo hata kidogo. Sisi tunaoishi ghorofani bila ua nasi tuna haki ya kuona kijani. Ninachobishania ni mambo mawili: namna tunavyozitunza, na mahali tunapoitoa mimea yenyewe.

Kitu hiki si kigeni sana kama tunavyodhani. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifungia pupa wa nondo kwenye chupa yenye udongo. Udongo ukaotesha kangaga bila yeye kuupanda. Siri yake ilikuwa nini? Unyevu ulipanda, ukagota kwenye kioo, ukarudi chini kama mvua. Mwaka 1833 masanduku yake ya kioo yalisafiri baharini kutoka London hadi Sydney na mimea ikafika hai. Baadaye Robert Fortune akayatumia kuhamisha chai kutoka China kwenda India. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwa pambo la sebuleni, kioo kilikuwa chombo cha wakoloni cha kuhamishia mali za watu.

Sasa tuje kwenye matunzo. Jamani, mimea mingi ya chupa hufa kwa kupendwa mno. Mtu anamwagilia kila asubuhi kama anayenywesha ng'ombe! Chupa yenye mfuniko hujinywesha yenyewe, inaweza kukaa wiki nyingi bila kuongezwa hata tone. Kisome kioo. Kikiwa na ukungu kutwa nzima, maji yamezidi, fungua mfuniko upumue. Kikiwa kikavu kabisa na udongo umepauka, ongeza kidogo. Weka kokoto chini ili mizizi isizame, na usiiweke juani, maana kioo juani ni oveni. Jani lililooza litoe siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ndilo linaloniuma. Ua moja linalopendwa sana katika bustani hizi, lenye petali za zambarau na majani yenye vinyweleo, ni dughulushi. Dunia nzima inalijua kwa jina la Saintpaulia, kutokana na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani aliyelikuta Usambara mwaka 1892. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina hilo la kitaalamu. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini madukani jina la Mjerumani bado linatamba. Ni ua la misitu ya Tanzania na Kenya, lakini wangapi kati yetu tuliosoma hadi chuo kikuu tulifundishwa hilo?

Hapo ndipo wengine husema, "Kama ni letu, nikichomoa miche miwili Amani kuna ubaya gani?" Upo. Aina nyingine za dughulushi huishi kwenye eneo dogo sana, pengine miamba michache tu yenye kivuli, na baadhi ziko katika hatari kubwa ya kutoweka. Kivuli kikikatwa, mwamba hukauka na maua hufa. Tukija mia moja kila mmoja na miche yake miwili, tunabakiza nini? Hata ile kijani laini inayotanda juu ya mawe, tunayoibandua kupamba chupa, ndiyo inayoshika maji ya msitu. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, haikuwekwa iwe duka letu.

Tena hakuna sababu ya kuiba. Dughulushi huzaa kwa jani. Omba jani moja na kikonyo chake kwa mwenye chungu, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, subiri wiki kadhaa, utaona watoto wanachipua. Ua hili liwekwe kwenye kioo kilicho wazi mdomo, kwa sababu majani yake ya vinyweleo huoza yakilowa. Mwagilia udongo, si majani. Kwa joto la Dar, litafutie dirisha lenye mwanga lakini lisilopigwa na jua.

Ningependa kuona vijana wa Muheza na Lushoto wakizalisha miche kitaluni na kutuuzia sisi wa mjini, tena kwa jina la dughulushi. Hapo chupa ya sebuleni itamlipa mtu anayeishi jirani na msitu, na msitu wenyewe utabaki salama. Wakoloni walibeba bila kuuliza. Sisi wenye mali tukifanya vile vile, tutakuwa na uso gani wa kuwalaumu?

Nawasilisha.