Chanjo Kwanza, Jina Baadaye

Jamani, leo nina ugomvi na vijana wenzangu wa mjini. Siku hizi kila aliyepanga nyumba yenye geti anataka mbwa. Mtoto wa mbwa analetwa ndani ya boksi, anapigwa picha, anapewa jina la kizungu, kisha anafungwa mnyororo uani eti awe mkali. Basi, maandalizi yamekwisha!

Hebu tuelewane, wasomi wangu. Mtoto wa mbwa hatakiwi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo za magonjwa kama parvo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Dawa ya minyoo nayo haisubiri tumbo livimbe. Akitimiza miezi 3 anachanjwa kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Kadi ya chanjo itunze kama unavyotunza vyeti vyako.

Najua utetezi wenu: "Wangu hatoki getini." Sawa, na mbwa koko anayepenya chini ya uzio? Na mtoto wa jirani anayefuata mpira wake? Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na watoto huwa miongoni mwa wahanga mara nyingi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa tangu Julai 1885, na sisi mpaka leo tunazika watu kwa ugonjwa unaozuilika!

Halafu huo mnyororo. Samaki mkunje angali mbichi: mbwa huzoea watu katika wiki zake za mwanzo. Ukimfunga kutwa nzima hupati mlinzi, unapata mnyama mwenye hofu, na wa kwanza kung'atwa ni dada wa kazi anayempelekea chakula, si mwizi.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Na wewe unayelia kwamba chanjo ni ghali, niambie: hela ya kununulia mbwa uliipata wapi?