Usitupe jeki kuukuu

Je, msomaji, kuna jeki ya mafuta iliyotupwa nyuma ya nyumba yenu? Usiharakishe kumwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Wahenga walinena kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Ndani ya jeki mna pistoni mbili, nyembamba ya kupampu na nene ya kuinua. Kwa kuwa mafuta hayashindiliki, nguvu ndogo ya mkono huzidishwa mara nyingi. Ndiyo maana jeki ya tani 2 huinua upande mmoja wa gari.

Mafundi wa jua kali huchomelea fremu ya vyuma vinene, wakaisimamisha jeki wima ndani yake. Hapo wamepata mashine ya kugandamizia. Hutoa na kutia beringi, hunyoosha vyuma vilivyopinda, hukamua asali kutoka kwa masega, na hushindilia vumbi la makaa lililochanganywa na uji wa muhogo likawa makaa mapya ya jikoni.

Mafuta yakipungua, ongeza mafuta ya jeki. Yale ya breki huharibu mipira ya ndani.

Lakini shika neno hili: jeki kuukuu ni ya kusukuma, si ya kushikilia. Mpira ukichakaa, jeki hushuka bila kubisha hodi. Kwa hivyo, mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata ikiwa mpya. Tanguliza stendi imara. Chombo cha bure kisikugharimu mwana.