Kikomo cha maswali kwenye hazina za data: anahesabiwa mtu au anwani?

Mwezi Aprili mwaka 2025 taasisi ya Wikimedia Foundation ya Marekani, inayoendesha ensaiklopidia ya Wikipedia, ilitoa taarifa ambayo haikuzungumzwa sana katika vyombo vya habari vya Kiswahili. Taarifa hiyo ilisema kuwa mzigo wa upakuaji wa picha na video kutoka katika hazina zake ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na kwamba ongezeko hilo halikuletwa na wasomaji. Lililetwa na programu zinazojiendesha zenyewe, ambazo huzoa data mchana na usiku, nyingi zikiwa ni kwa ajili ya kufunza mifumo ya akili bandia. Programu hizo zilifungua asilimia 35 tu ya kurasa zote, lakini asilimia 65 ya kazi iliyo ghali zaidi kwa seva za taasisi hiyo ilikuwa ni yao.

Msomaji aliyeko Muscat, Zanzibar au Mombasa anaweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya mafundi. Sivyo. Hazina ya data iliyo wazi kwa umma inapoelemewa, hatua ya kwanza ya wenyewe huwa ni kuweka kikomo cha maswali, au kukikaza kile kilichokuwapo. Na kikomo hicho, kwa jinsi kinavyohesabiwa hivi sasa, hakimwangukii kila mtu kwa uzito mmoja.

Tuanze na haki ya wenye hazina. Huduma hizi ni za bure lakini haziendeshwi bure. Wikidata, hazina ya data inayotumiwa na Wikipedia, humruhusu kila mteja sekunde 60 za kazi ya seva katika kila dakika moja, na swali lolote linalozidi sekunde 60 hukatwa. Nominatim, huduma ya kutafuta mahali katika ramani ya OpenStreetMap, huomba watu wasizidishe swali moja kwa sekunde. Maktaba ya makala za tiba ya serikali ya Marekani huruhusu maswali matatu kwa sekunde kwa mtu asiyejitambulisha, na kumi kwa mwenye ufunguo wa kujitambulisha. Anayepita kiwango hurudishiwa ujumbe wenye nambari 429, ambayo tangu mwaka 2012 imekubaliwa kuwa na maana kwamba maombi yamezidi, subiri. Bila ya mpango huo mtu mmoja mwenye programu mbovu angeweza kuwafungia mlango wengine wote.

Waomani wanaijua hesabu hii kuliko wengi. Katika mifereji ya falaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, maji hugawanywa kwa muda. Kipimo kiitwacho athar ni takriban nusu saa, na zamani kilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Maji ya kunywa yalichotwa mwanzo wa mfereji na yeyote aliyefika. Mashamba ndiyo yaliyongoja zamu. Sekunde 60 za Wikidata ni athar ya namna yake. Tofauti ni kwamba zamu ya falaj ilihesabiwa kwa mwenye haki, anayejulikana na wakili wa falaj kwa jina lake. Katika intaneti, aghalabu kinachohesabiwa ni anwani.

Hapa ndipo tatizo linapoanzia. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti ni takriban bilioni 4.3 kwa jumla, wakati watu duniani wamepita bilioni 8. Marekani, iliyoanza mapema, imeshika zaidi ya bilioni moja na nusu. Bara zima la Afrika lina takriban milioni 120. RIPE NCC, shirika linalogawa anwani hizo Ulaya na Mashariki ya Kati, Oman ikiwemo, lilitangaza tarehe 25 Novemba 2019 kwamba ghala lake limekwisha. Kwa hiyo kampuni za simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, mithili ya wapangaji wa jengo zima wanaotumia sanduku moja la posta. Barua zinafika, lakini mwenye kutuma huona jina moja tu.

Ghuba ilipata somo lake mapema. Mwanzoni mwa Januari 2007 zilienea habari kwamba Wikipedia imeifungia nchi nzima ya Qatar. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko uvumi: kusoma hakukuzuiwa, na kilichofungwa kwa muda mfupi ni uhariri wa watu wasiojisajili, baada ya mtu kuharibu kurasa. Lakini wakati ule Qatar ilikuwa na kampuni moja ya intaneti, Qtel, na mawasiliano yake yalionekana nje kama anwani moja. Aliyetaka kumkemea mhuni mmoja alijikuta amekemea taifa.

Tunaweza kusema hayo ni ya kale, kwani leo wateja wa Oman peke yao wana Omantel, Ooredoo na Vodafone za kuchagua. Hata hivyo mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Cloudflare, inayolinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilichapisha uchunguzi wake kuhusu anwani zinazochangiwa. Iligundua kuwa anwani hizo huwekewa kikomo mara tatu zaidi kuliko nyingine, ingawa hazikuonyesha dalili kubwa zaidi ya kutumiwa na programu zinazojiendesha. Wanaobeba mzigo huo, kwa maneno mengine, ni wa nchi zilizochelewa kufika kwenye mgao. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetumia intaneti ya simu anaweza kuambiwa "umezidisha" kwa swali lake la kwanza la siku, kwa sababu jirani asiyemjua amekwisha kula fungu la wote.

Hivi sasa Oman nayo ni mwenye hazina, si mteja tu. Kituo cha Taifa cha Takwimu na Habari mjini Muscat kiliendesha sensa ya mwaka 2020 kwa njia ya kielektroniki, kwa kuunganisha daftari za idara za serikali badala ya kutuma wahesabuji nyumba kwa nyumba, na idadi iliyopatikana ni watu 4,471,148. Takwimu za namna hii zinatafutwa na wafanyabiashara, watafiti, na jamaa zetu wanaotaka kujua wageni ni wangapi na wanatoka wapi. Kadiri milango ya maswali inavyofunguliwa, vikomo vitafuata, na ni vyema aina yake iamuliwe kabla ya mzigo kufika.

Tuchukue mfano wa kimbunga Shaheen, kilichotua katika pwani ya Batinah tarehe 3 Oktoba 2021. Siku kama ile maelfu ya watu huuliza jambo moja kwa wakati mmoja, wengi wao kwa simu, yaani nyuma ya anwani chache. Kikomo kinachohesabu anwani kingewaona kuwa ni mshambuliaji. Kwa rai yetu, tahadhari za hali ya hewa na taarifa za hospitali ni maji ya kunywa: zisipimiwe. Hesabu na ianze kwa wanaozoa hazina nzima, na hao wapewe ufunguo wenye jina, pamoja na faili zima la kupakua mara moja ili wasiwe na sababu ya kugonga mlango mara elfu kumi.

Watumiaji nao wana wajibu wao, na hapa vijana wetu wanaotengeneza programu wasikilize. Data isiyobadilika kwa mwezi haina haja ya kuulizwa kila dakika, ihifadhiwe. Maswali mia madogo mara nyingi yanaweza kuunganishwa kuwa moja. Programu ijitambulishe kwa jina na anwani ya barua pepe, kwani wasimamizi wengi huandika kuonya kabla ya kufunga. Na ikija 429, ingoje muda iliotajiwa. Kurudia papo hapo ndiko kunakogeuza zuio la dakika kuwa la siku.

Kuna upande mwingine usiopendeza. Kikomo kinaweza kuwa kisingizio cha biashara. Mwezi Februari 2023 mtandao wa Twitter ulitangaza kuondoa njia ya bure ya programu kuchota data, na Julai mwaka huohuo wasomaji wasiolipa wakawekewa, kwa muda, ujumbe 600 kwa siku. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni wazoaji wa data. Watafiti waliozoea kuitumia huduma ile waliachwa wachague kulipa au kuacha.

Nyumbani hali ni ya namna nyingine. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 1,889,773 Zanzibar, na matokeo yake yamechapishwa kwa uwazi, lakini sehemu kubwa ni vitabu vya PDF ambavyo binadamu anaweza kuvisoma na programu ikahangaika navyo. Kwa hiyo programu za vijana wetu hukimbilia hazina za nje kuuliza habari za nyumbani. Anayetaka idadi ya watu wa Wete huenda akaipata upesi zaidi kwenye seva ya ng'ambo, iwapo sanduku lake la posta halijamaliza zamu.