Wanenguaji wa kompyuta: Faida haimo kwenye kamera

Biashara ya wanenguaji wa kompyuta imefika kwenye masoko ya hisa. Mtu hucheza mbele ya kamera, kompyuta husoma mikono, miguu na kiuno chake, na mhusika wa katuni aliyemo kwenye kioo hucheza vivyo hivyo. Kampuni mbili za Japani zinazoishi kwa wasanii wa aina hiyo, Anycolor na Cover, ziliingia Soko la Hisa la Tokyo mwaka 2022 na 2023. Mwenye mtaji mdogo anayeitazama sekta hii aulize kwanza: faida inakaa wapi?

Haikai kwenye kamera. Novemba 2010 Microsoft iliingiza sokoni Kinect, chombo kilichowekwa mbele ya televisheni, kikapima umbali kwa mwanga usioonekana na kufuatilia viungo 20 vya mwili. Katika siku 60 za kwanza viliuzwa vyombo milioni 8. Aliyesoma hesabu hizo aliona dhahabu. Lakini michezo iliyokitumia vyema, kama Dance Central, ilikuwa michache. Wateja walipoa, na mwaka 2017 Microsoft ikathibitisha kwamba imeacha kukitengeneza.

Ufundi wenyewe haukufa, ila bei yake iliporomoka. Mwaka 2020 Google ilitoa bure programu inayosoma sehemu 33 za mwili kwa kamera ya simu ya kawaida. Anayewaomba wananchi mtaji leo kwa kujigamba kuwa mashine yake inasoma miondoko anauza maji kando ya mto.

Kilicho adimu ni mchezo na jina la mchezaji. Onyesho la ABBA Voyage, lililofunguliwa London Mei 2022, liligharimu pauni milioni 140, na waimbaji wale wanne walirekodiwa kwa kamera 160 kwa wiki tano. Hata hivyo mnunuzi wa tiketi haendi kutazama kamera. Anaifuata ABBA.

Hapo ndipo penye hatari pia. Mwaka 2022 mtunzi wa dansi wa Marekani, Kyle Hanagami, aliishitaki Epic Games akidai kuwa mchezo wake wa kompyuta, Fortnite, umechukua miondoko yake. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi hiyo. Novemba 2023 mahakama ya rufani iliifufua, ikaeleza kuwa dansi haipimwi kwa pozi moja moja, bali pia kwa jinsi mtunzi alivyoipanga. Kampuni iliyodhani imepata mali ya bure inaweza kujikuta inadaiwa.

Ushauri wetu ni huu. Kabla ya kununua hisa za kampuni ya namna hii, au kuchangia mtaji wa studio, usiridhike kuonyeshwa mashine. Omba kuona mikataba: nani ametunga miondoko, nani anamiliki rekodi zake, na mnenguaji analipwa nini kila inapotumika tena. Pasipo majibu ya maandishi, fedha yako ibaki benki.