Usinunue Wati, Nunua Waya

Leo nimeamka na hasira, wasomaji wangu, kwa hivyo mniwie radhi mapema.

Juzi mwalimu mmoja wa fizikia wa huku kwetu Kathonzweni aliniandikia. Klabu yao ya sayansi imechangisha pesa, waliosoma pale zamani wakaongezea, na sasa mfuko una shilingi 180,000. Wanataka redio ya ridhaa, ile ya kubeba mkobani, ya kwenda nayo mlimani au porini na kutuma kwa nguvu ndogo. Mwalimu amesoma tovuti za kulinganisha redio hizi mpaka macho yakamuuma, na nyingi zimempa jibu moja: nunua Icom IC-705. Redio hiyo ni kama dola 1,300. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni karibu shilingi 170,000, na bado hujalipa usafiri wala ushuru. Akaniuliza: "Tukichukua hii, si tutakuwa tumepata iliyo bora?"

Ndiyo, Mwalimu. Mtakuwa mmepata redio bora sana. Moja. Itakaa kabatini ofisini kwa mkuu wa shule ili isivunjike, na wanafunzi arobaini watairuhusiwa kuitazama siku ya wageni.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Hizo tovuti zinalinganisha vioo. Kipi kina rangi nyingi, kipi kinaguswa, kipi kina GPS na Bluetooth. Anayeandika ana umeme ukutani, ana gari la kumfikisha mguuni mwa mlima, na ana redio nyingine tatu nyumbani. Haulizi betri itachajiwa wapi, wala ni mikono mingapi itashika hicho chombo. Halafu ushauri huo unasafiri mpaka Makueni na kula mchango wa watu.

Kwa wageni wa mada hii, neno moja la utangulizi. Redio za ridhaa hutumia masafa yaliyotengwa kimataifa kwa watu wanaojifunza na kufanya majaribio bila biashara. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA), na majina ya vituo vyetu huanza na 5Z4, kama ya Tanzania yanavyoanza na 5H na ya Uganda 5X. Chama kipo pia, Amateur Radio Society of Kenya. Tukisema nguvu ndogo, kwa desturi tunamaanisha wati 5 kwa Morse au wati 10 kwa sauti.

Sasa tuanze na porojo ya kwanza: wati.

Eti wati 5 hazitoshi, utafute 20, au bora 100. Tupige hesabu basi. Kutoka wati 5 mpaka 100 ni mara ishirini, yaani desibeli 13. Kwenye kipimo cha redio inayokupokea, hatua moja ya mshale ni desibeli 6. Kwa hiyo ukizidisha nguvu mara ishirini, mshale wa mwenzako unapanda hatua mbili na kidogo. Kutoka wati 5 mpaka 10 ni nusu ya hatua. Nusu! Huyo ndiye unayelipia maelfu ya shilingi na betri nzito mgongoni.

Huniamini? Usiniamini, sikiliza mwenyewe. Kuna mtandao wa vituo 18 vya majaribio duniani: ZS6DN cha Afrika Kusini, 4X6TU cha Israeli, OH2B cha Finland, na kimo pia cha kwetu, 5Z4B. Hupeana zamu kwenye 14.100 MHz, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Kituo hutaja jina lake kwa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati.

Mwezi uliopita nilikaa chini ya mwembe nyumbani na redio ndogo na waya uliotupwa juu ya tawi, nikangoja zamu ya ZS6DN. Kutoka Pretoria mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 2,500. Mlio wa wati 100 ulikuja kwa kishindo. Wa wati 10, wazi kabisa. Wa wati 1 niliusikia nilipofumba macho na kumnyamazisha mpwa wangu. Wa nne ulizama kwenye kelele. Wati moja, wasomaji wangu! Balbu ndogo ya choo inakula zaidi ya hapo.

Porojo ya pili ni ile ya Baofeng UV-5R. Mnaijua, ile ya walinzi na waongoza magari kwenye arusi. Ni rahisi, nami ninayo. Lakini muuzaji akikwambia itakufikisha popote, mwambie asimame Kathonzweni akuite ukiwa Mombasa. Masafa yake husafiri karibu kama jicho linavyoona. Watu wawili waliosimama uwanda tambarare wakifika kilomita 10 washukuru, na miti na vilima hupunguza hata hizo. Ukipanda Nzaui mambo hubadilika, lakini si kila siku utapanda Nzaui.

Masafa ya 7 MHz yana tabia nyingine. Ukitundika waya chini chini, mita nne hivi kutoka ardhini, mawimbi mengi hupanda juu moja kwa moja, hugonga tabaka la ionosfia na kurudi chini kama maji yaliyorushwa darini, yakinyunyizia eneo lote kwa kilomita mia tatu au nne. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati: mchana ionosfia yetu huwa na nguvu ya kutosha kuyarudisha. Nairobi, kama kilomita 120 kutoka hapa, imo. Kitui ng'ambo ya Athi imo. Mombasa, kama kilomita 320, nayo imo. Mlima hauzuii kitu, maana mawimbi yanashuka kutoka juu. Usiku ionosfia hupungua nguvu, na mawimbi hayo yanaweza kuwaruka jirani na kutua mbali, kwa hiyo panga kazi yako ya karibu mchana.

Na antena yenyewe? Gawanya 143 kwa MHz unayotaka. Kwa 7.1 ni mita 20 za waya, kumi upande huu, kumi upande ule, katikati unashuka waya wa kwenda kwenye redio. Makueni hatukosi miembe miwili inayotazamana. Hakuna redio ya dola 1,300 itakayofidia antena mbovu, na antena nzuri ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote. Mbona tovuti hazianzi na hilo? Kwa sababu waya hauna kioo cha kupiga picha.

Porojo ya tatu ndiyo iliyonichoma mimi mwenyewe. Redio yangu ya kwanza, sitaitaja jina, niliinunua kwa kuangalia wati na rangi. Nikaipandisha kilimani asubuhi na betri niliyodhani ni kubwa. Kabla ya saa sita mchana imezima. Sikuwa nimetuma hata herufi moja! Ilikuwa imemaliza betri kwa kusikiliza tu. Nikashuka na kilo zangu kimya kimya, na watoto waliopanda nami kuona maajabu wakashuka wakinicheka.

Tangu siku hiyo nikishika karatasi ya redio naanza na namba moja: inakula miliampea ngapi ikipokea? Maana mwana-redio porini husikiliza muda mrefu na kutuma muda mfupi. Chukua betri ya ampea-saa 3, kisha tuzipitie:

1. Yaesu FT-818. Mtoto wa FT-817 iliyowafundisha wengi. Imara, ina HF na VHF, wati 6. Kitabu chake chenyewe kinasema hupokea kwa miliampea 450, yaani betri yetu ni saa sita na nusu. Haitengenezwi tena, utaipata kwa mkono wa pili.

2. Xiegu G90. Wati 20, tyuna ya antena ndani, bei nafuu. Nzuri mezani. Lakini hupokea kwa kama nusu ampea na ina uzito wa kama kilo moja na nusu. Saa sita, kwaheri.

3. Icom IC-705, ya mwaka 2020. Sikatai, ni kazi safi. HF mpaka UHF, kioo kizuri, wati 5 kwa betri yake na 10 kwa umeme wa nje. Ina uzito wa kilo moja na zaidi, na tyuna haimo ndani. Kioo hicho nacho kinataka kula.

4. Elecraft KX2, ya mwaka 2016. Gramu 370 hivi, wati 10, hupokea kwa miliampea 135 tu. Saa 22! Mwenye pesa zake binafsi na miguu ya kupanda mlima achukue hii, asiniulize tena. Ila ukiongeza vikorombwezo inapita dola 1,000.

5. QRP Labs QMX, ya mwaka 2023, kazi ya Hans Summers. Inakaa kiganjani, masafa matano, wati 5 hivi, hupokea kwa miliampea 80 hivi. Saa 37. Inauzwa kwa vipande unavyolehemu mwenyewe, chini ya shilingi 20,000 kabla ya usafiri na ushuru.

Mmeona mpangilio? Ile ya mwisho ndiyo ya bei ya chini, na ndiyo inayokaa hewani muda mrefu kuliko zote. Ilizaliwa ikijua Morse na mawasiliano ya kidijitali peke yake. Sauti iliongezewa baadaye kwa kubadilisha programu ya ndani, bila kununua kifaa kipya. Sisi tuliosomea tarakilishi tungepaswa kushangilia barabarani. Na hili la programu lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 Joe Taylor, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1993, na mwenzake Steve Franke walitoa FT8, mbinu inayosoma mawimbi yaliyozama desibeli 20 chini ya kelele. Desibeli 20 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mia. Mnataka nguvu? Iko kwenye hesabu, na hesabu haili betri kama kipaza nguvu.

Najua pingamizi zinakuja. Kwanza, "watoto wataunguza." Ndiyo, wataunguza. Vipande vidogo kabisa huja vimeshalehemiwa kiwandani. Wao watasokota koili, watafunga soketi na transista za kutumia nguvu, na mmoja atakosea. Atalia, atapima, atabadilisha transista ya shilingi chache, na kuanzia hapo hatasahau kazi yake maishani. Ukiunguza IC-705 utafanya nini? Utaifunga kwenye boksi na kuomba.

Pili, "QMX haina VHF wala tyuna." Kweli. Kwa hiyo kateni waya kwa urefu sahihi. Hilo ni somo la fizikia, na klabu ni ya fizikia.

Tatu, "simu zipo, haya ni mambo ya wazee." Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ililala gizani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Flying Doctors walioanza mwaka 1957 walitegemea redio za HF kuzifikia hospitali za mbali, kwa sababu HF haingoji mnara wa mtu. Sisemi wanafunzi wa Kathonzweni wataokoa taifa kwa wati 5. Nasema kila kijiji kinahitaji watu wachache wanaojua ujumbe unavyosafiri pale kila kitu cha kukodi kinapozimika. Watu hao hawatengenezwi na redio ya kabatini.

Kwa hiyo, Mwalimu, jibu langu ni hili. Chukueni QMX tano. Wanafunzi wanane kwa kila redio. Hazitazidi shilingi 100,000 kabla ya usafiri na ushuru, na zitakazobaki zigharamie huo usafiri, betri, paneli ndogo ya sola, waya na vyombo vya kulehemu. Kabla ya kuagiza chochote, waandikie CA uulize masharti ya kuingiza vifaa na uanze safari ya leseni. Mpaka leseni itoke hakuna kubonyeza kitufe cha kutuma, mnasikiliza tu. Msidharau kusikiliza. Muda wa leseni ukipita mkihesabu milio minne ya ZS6DN kila adhuhuri na kuandika kwenye daftari upi ulisikika, mtakuwa mnajua ionosfia kuliko wengi wanaoandika zile tovuti.

Vipande vikifika niambie. Nitapanda matatu ya Wote na chombo changu cha kulehemu na mita 100 za waya. Ninyi tafuteni miembe.