Hakuna Nchi Tupu



Wapo wanaosema kwamba mgodi ukifunguliwa mbali na miji haumdhuru mtu, kwa kuwa huko ni nyika tupu. Neno hilo "tupu" ndilo linalotupasa kulikataa.

Tutazame kaskazini mwa Kanada, penye ziwa Great Bear, ambalo Wadene huliita Sahtu. Wageni waliona pale theluji na miamba. Wadene waliona njia za wanyama wao wa kuwinda na maji yao ya kuvulia samaki. Mwaka 1930 Gilbert LaBine aligundua hapo mawe yenye radiamu, na mgodi wa Port Radium ukazaliwa. Mwaka 1942, katikati ya vita, ulifunguliwa upya kwa ajili ya urani. Wanaume wa Kidene walibeba magunia ya mawe hayo mgongoni hadi kwenye mashua, pasipo kuelezwa hatari yake. Mabaki ya mawe yaliyosagwa, mamia ya maelfu ya tani, mengi yake yalimwagwa ziwani. Uchimbaji wa urani ulikoma mwaka 1960, mabaki hayakuondoka.

Habari hii si ya mbali nasi. Urani ya Shinkolobwe, kwetu Katanga, iliingia katika kazi ileile ya kuunda mabomu ya atomu ya Marekani. Kule nchi ilihesabiwa kuwa haina watu. Huku watu walihesabiwa kuwa mikono tu.

Watetezi wa migodi watatuonyesha ripoti ya mwaka 2005, iliyosema kwamba ushahidi hautoshi kuunganisha saratani za Wadene na mgodi ule. Lakini ushahidi ungetoka wapi, ikiwa wachukuzi hawakupimwa walipokuwa kazini? Asiyeandikwa akiwa hai hawezi kuthibitishwa akiwa kaburini. Tena, mwaka 1998 ujumbe wa Wadene ulisafiri hadi Hiroshima kuomba radhi. Waliobeba bila kujua ndio waliokwenda kuinamisha vichwa.

Basi, vijana, mtu akija kwenu na karatasi za kuchimba, akisema msitu ule au mlima ule hauna mwenyewe, muulizeni maswali matatu mbele ya wazee: Nani anakunywa maji ya hapo? Nani ataandika majina na afya za wafanyakazi? Nani atarudi kusafisha madini yakiisha? Asiyejibu asipewe saini.